Siku ya Nane Hakuna Kazi

Mtu niliyemwapiza miaka ishirini na tatu alirudi nyumbani kwetu Jumanne saa tatu asubuhi, mita ya kupimia mkononi, kaye, daftari lake la kazi, kwapani. Akapiga hodi kama watu wema wanavyopiga.

Nilikuwa nimekaa kwenye barza, mbele ya nyumba, nashona gauni la Aziza, mtoto wa yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, Asumani. Hina ya Aziza ilikuwa imebakiza siku ishirini na tano, na wanawake wa nusu ya mtaa wetu wa Kasuku walikuwa waje kukaa chini katika nyumba hii ya marehemu baba yetu. Wakae wapi? Sakafu ilikuwa imebonyea na kupasuka kila upande, hata Mama yetu, Mama Zainabu, alijikwaa mwezi wa tano akaumia nyonga, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kitandani. Ndipo Asumani akamwendea Blanchard, mwenye kampuni ya ujenzi, akamwomba masoni, mwashi wake aliye bora, aje atuwekee karo, vile vigae vya sakafu. Blanchard ni mgeni hapa Kindu. Hakujua anamtuma nani kwa nani.

Niliinua macho, na sindano ikanichoma kidole.

Alikuwa ameota mvi pembeni mwa masikio. Mabega yalikuwa yale yale. Macho pia, yale ya mtu anayepima kwanza ndipo aseme.

"Godefroid," nikasema. Jina lilitoka lenyewe, na nililichukia kwa jinsi lilivyotoka laini.

"Safia."

"Toka."

"Nimekuja kwa kazi."

"Kazi yako tuliiona. Toka mbele ya nyumba ya baba yangu kabla sijapiga kelele."

"Piga." Hakusogea hata hatua. "Lakini Blanchard hana masoni mwingine wa karo mpaka mwezi wa tisa. Na nimesikia hina njo mwezi wa nane. Weye chagua."

Jamani, kiburi cha mwanaume huyu! Nilitamani kumtupia mkasi. Lakini nilimkumbuka Aziza, nikakumbuka mialiko iliyokwisha kutumwa mpaka Kasongo. Nikasimama, nikamfungulia mlango kwa mguu.

Niwaeleze, msije mkaniona mkali bure.

Mwaka wa elfu mbili na moja, wakati wa vita, watu wenye bunduki walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba na kubeba. Kindu nzima ikajifunza kuzika mali chini ya sakafu: sahani, vikwembe vya kitenge, redio, hata Misahafu ya mababu. Baba, Mzee Idrissa, alikuwa fundi wa kushona, na mali yake yote ilikuwa vichwa vitatu vya cherehani. Alivipaka mafuta, akavifunga kwa mpira, akavichimbia shimo katika chumba cha nyuma. Kisha akamleta masoni kijana kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, azibe juu kwa simenti. Kijana huyo, mzaliwa wa Pangi, ndiye Godefroid. Alifanya kazi siku nne. Siku zote nne ni mimi niliyempelekea chai, na siku ya nne chai ilipoa mikononi mwetu bila mtu kuinywa.

Alinipenda. Nilimpenda. Sitasema zaidi ya hapo, Mama bado anasikia vizuri.

Alipomaliza kusawazisha simenti aliniambia hivi: "Siku ya nane kuanzia leo nitavuka na mjomba wangu, aongee na baba yako." Yeye Mkatoliki, mimi mtoto wa Kiislamu. Nilijua vita vya humu ndani vingekuwa vikali kuliko vya nje, na nilikuwa tayari kuvipigana. Siku ya nane ikafika, ikapita. Siku ya kumi na mbili wenye bunduki wakaingia. Walitazama chumba cha kwanza, wakatazama cha pili, wakaenda chumba cha nyuma, wakavunja sakafu na kubeba cherehani zote tatu.

Nani mwingine alijua? Asumani alisema siku ile ile, "Masoni njo alituuza." Baba hakushona tena hata kifungo. Mwaka uliofuata tulimzika. Mimi nilikuja kuolewa na Waziri, mfanyabiashara wa Kasongo, tukakaa miaka sita, tukaachana bila ugomvi. Hakuniudhi kamwe, na hakuwahi kunifanya nisahau chai mpaka ipoe.

Sasa mtu wetu alikuwa amepiga magoti sebuleni, anagonga sakafu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Nani huyo?" Mama akauliza kutoka chumbani.

"Masoni, Mama."

"Masoni gani?"

"Wa Blanchard."

Godefroid alinitazama, akainamisha kichwa kwenye kaye yake. Alipima sebule, ukumbi na chumba cha Mama. Chumba cha nyuma alikiacha. Baadaye akaja kwenye meza ya kushonea, akaifungua kaye na kuigeuza upande wangu. Alikuwa ameupanga mradi siku kwa siku, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyesoma kwa masista.

"Siku ya kwanza, kutoa vitu vyote na kumuhamisha mama," akasema. "Ya pili mpaka ya ne, kuvunja. Ya tano mpaka ya saba, kujaza udongo na kuupiga mpaka ukaze. Ya tisa na ya kumi, kumwaga betoni. Kumi na moja mpaka kumi na saba, kumwagilia maji asubuhi na magharibi. Kumi na nane mpaka makumi mbili, karo. Siku mbili za kujaza nafasi kati ya karo. Siku mbili hakuna kukanyaga. Ya makumi mbili na tano, mufagie, mutandike."

"Mama yangu hahami."

"Basi kazi haiwezekani."

"Fanya nusu nusu. Sebule kwanza, chumba chake baadaye."

"Nusu nusu ni siku makumi ne. Bibi harusi atakuwa na mimba tayari."

Nikataka kucheka, Mungu anisamehe. Nikauma mdomo.

"Na hii?" Nikaweka kidole kwenye kaye. Kati ya siku ya saba na ya tisa palikuwa na mstari mtupu. "Siku ya nane mbona hakuna kitu? Sisi tuna haraka, weye unajipatia siku ya kulala?"

"Siku ya nane sifanyi kazi."

"Kwa nini?"

"Sifanyi. Uliza masoni wote wa Kindu. Kwa kazi yangu yoyote, siku ya nane ninakaa nyumbani."

"Ni sala?"

"Hapana."

"Basi ni uvivu. Itoe hiyo, tupate siku moja. Na maji haya, siku saba za nini? Unataka tubebe mto wote wa Lualaba? Siku tatu zinatosha!"

Godefroid alikuwa anachonga penseli kwa kisu. Kisu kikasimama.

"Siku tatu," akarudia polepole. "Nani alikuambia simenti inamwagiliwa siku tatu?"

"Weye mwenyewe ulisema..."

Nilifunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na hata pikipiki iliyopita barabarani haikuyafunika.

"Kumbe unakumbuka," akasema.

"Sikumbuki kitu."

"Nilisema siku tatu kwa ile moja tu. Kwa sababu ilikuwa ya kuficha. Nilikuambia: mwaga maji siku tatu, siku ya ne mupake majivu na vumbi, murudishe kitanda juu yake, ifanane na sakafu ya zamani. Njo hivyo ama sivyo?"

"Tulifanya hivyo."

"Mulifanya?"

"Nimesema tulifanya!"

Hakubishana. Alichukua nyundo yake, akapita ukumbini mpaka chumba cha nyuma, nami nikamfuata nikimtukana. Lile shimo la vita tulilijaza udongo miaka ile na kupaka simenti nyembamba juu, na ndilo lililobonyea vibaya kuliko mahali pote. Lakini chini ya dirisha, kando ya ukuta, palikuwa pamebaki kipande cha sakafu yake, cha upana wa sinia. Akakipiga nyundo. Nyundo ikaruka. Akapiga tena kwa nguvu, na pigo la tatu ndilo lililokivunja.

Akaniletea kipande mkononi.

"Gusa."

"Sigusi."

"Gusa, Safia. Simenti ya wakati ule tulikuwa tunaipata kikombe kwa kikombe. Niliichanganya na mchanga mwingi kupita kiasi. Ingemwagiliwa siku tatu, leo ningeivunja na kidole. Hii ilikunywa maji siku nyingi sana. Na angalia ngozi yake: hakuna majivu, hakuna vumbi, inang'aa mpaka leo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kiangazi, mwezi wa saba, mji mzima ni vumbi. Watu wanaingia nyumba yenye vyumba vitatu. Viwili vikavu. Kimoja sakafu yake ina maji, nyeusi, mpya. Wanahitaji kuambiwa na nani?"

Nilikaa juu ya kitanda.

Nilijua. Sitawadanganya, nilijua tangu siku ile ile, nilipowaona wanaingia na buti zao kwenye maji yangu. Siku tatu zilipokwisha sikupaka majivu. Nilimwambia Baba kwamba masoni amesema tuendelee. Kila asubuhi nilishuka mtoni na ndoo, kila magharibi tena, kwa sababu sakafu ikiwa bado inakunywa maji niliona kazi yake haijaisha, na kazi isipoisha lazima arudi. Siku ya nane ilipopita bila yeye nilimwaga ndoo mbili. Siku ya kumi na moja nilimwaga tatu, nikalia juu yake. Halafu Asumani alisema masoni katuuza, na mimi, mpumbavu na mwoga, nikanyamaza. Kumchukia Godefroid kulikuwa rahisi kuliko kumtazama Baba machoni.

"Ulimwaga siku ngapi?" akauliza.

"Kwa nini hukuja?"

"Ulimwaga siku ngapi?"

"Kwa nini hukuja, weye mwongo! Nilikungojea na kikwembe kipya!"

"Mto ulifungwa!" Hapo na yeye alipaza sauti, kwa mara ya kwanza. "Siku ya sita mitumbwi yote ilikamatwa. Nilisimama ng'ambo na mjomba wangu, amevaa koti, tunatazama paa la msikiti wenu. Ulifungwa mwaka mzima na zaidi. Ulipofunguliwa nilivuka na mutumbwi wa kwanza. Nilipofika hapa..."

Hakumaliza. Mlango wa mbele uligongwa ukutani, na sauti ya Asumani ikaijaza nyumba.

"Nimeambiwa sokoni sikuamini! Iko wapi hiyo nyoka?"

Yaya yangu ni mtu mkubwa, na hasira yake ni kubwa kuliko mwili. Alimkuta Godefroid ukumbini, akamshika kola.

"Nilikuambia nini pale mtoni? Nilikuambia nikikuona tena Kasuku nitakuvunja miguu!"

"Uliniambia," Godefroid akasema.

"Baba yangu alikufa kwa sababu yako! Cherehani tatu! Uliwauzia kwa kitu gani? Pombe?"

Nikamtazama Godefroid. Kipande cha simenti kilikuwa bado mkononi mwake. Angeweza kukiinua, akasema maneno matatu tu, na Asumani angemwachia kola na kunigeukia mimi. Aliniangalia mara moja. Kisha akakiweka kile kipande mfukoni, taratibu.

"Sema!" Asumani alimtikisa. "Sema mbele ya dada yangu!"

"Sina neno," akasema Godefroid. "Niachilie kola, nitaenda."

Miaka ishirini na tatu nilikuwa namwita msaliti, na leo alikuwa anaondoka na kosa langu mfukoni mwake. Moyo wangu, ambao nilidhani umekauka zamani, uliniuma mpaka nikashika mlango.

"Mwachilie, yaya."

"Weye nyamaza."

"Sinyamazi! Nimenyamaza kutosha! Hakutuuza. Ni miye."

Asumani aligeuka. "Nini?"

"Alisema siku tatu, nikamwagilia kumi na moja. Alisema tupake majivu, sikupaka. Walikuta maji, yaya. Waliona maji yangu wakachimba. Hakuna muntu aliwaambia."

"Unamfunika."

"Ninamfunika ili iwe nini? Nimefunika nafsi yangu hii miaka yote! Nilikuwa namngojea, njo maana. Nilimpenda, nikaogopa sakafu ikauke."

Mkono wa Asumani ulishuka. Alitazama sakafu, akanitazama mimi.

"Na weye," nikamsogelea, "ulimwona wapi mtoni? Lini?"

Akageukia mlango.

"Lini, Asumani?"

"Mto ulipofunguliwa," akasema. "Alikuja na muzee mumoja amevaa koti. Nilimwambia... nilimwambia umekwisha kuolewa."

Niliolewa baada ya hapo, mwaka mzima baadaye. Nilishona mwenyewe nguo ile ya ndoa, nikiharibu mshono kila mara.

"Baba alikuwa kaburini," Asumani akasema. "Nilifikiri ninamlipia kisasi."

"Ulimlipia kwangu!"

"Safia!" Ilikuwa sauti ya Mama. Sote watatu tukashtuka. "Njoo hapa. Na huyo masoni aje. Na weye Asumani, acha kupumua kama ng'ombe."

Tuliingia. Mama alikuwa ameketi kitandani, mtandio begani, macho makavu. Alinitazama muda mrefu mpaka nikatamani anipige.

"Baba yako alikufa anamlaani muntu asiye na kosa," akasema. "Utaomba kwa ajili ya hilo mpaka ufe."

"Ndiyo, Mama."

"Sijakusamehe. Nitakuambia siku nitakapokusamehe." Akamgeukia Godefroid. "Na weye, masoni. Ulijua hii nyumba ni ya nani, ukakubali kuja?"

"Nilijua, mama. Nilimuomba Blanchard mwenyewe. Waislamu wa hapa hawajanipa kazi hata ya kuziba ufa. Nilitaka nivunje ile sakafu nione ilikuwaje. Nilikuwa na deni la kujua."

"Umejua?"

"Nimejua."

"Kazi inaomba siku ngapi?"

"Makumi mbili na tano, mama. Lakini ukihama."

Mama akafunga mtandio wake vizuri. Mwanamke huyu alikataa kuhama wakati wa vita, alikataa kuhama wakati paa linavuja, alikataa hata kwenda hospitali kwa nyonga yake.

"Asumani, nitalala kwako," akasema. "Siku zote anazotaka. Tafuta watu wanibebe."

Asumani akatoka bila kutazama mtu. Mlangoni alisimama kidogo mbele ya Godefroid, akamnyooshea kola aliyoikunja, akaenda zake. Ilikuwa ndiyo radhi yote aliyokuwa nayo siku ile.

Godefroid alirudi kwenye barza, akaanza kukusanya mita yake. Nilimfuata. Hakunitazama.

"Usifikiri nimefurahi," akasema. "Ukimwi, njaa, vita, vyote vilinipita. Jina la msaliti halikunipita. Mke wangu alikufa akiitwa mke wa yule aliyeuza watu. Unajua hiyo ni nini?"

"Sijui."

"Hujui."

"Nichukie basi. Nimestahili. Lakini usiondoke na kaye."

Nilimnyang'anya. Nikachukua penseli yake, nikatafuta ule mstari mtupu, nikaandika vibaya, herufi za mtoto wa darasa la pili. Siku ya nane: Godefroid kuja na mjomba wake, saa kumi, kuongea na Mama. Nikamsukumia kaye kifuani.

Alisoma. Akasoma tena.

"Mjomba alishakufa," akasema.

"Basi uje peke yako!"

"Usinipigie kelele."

"Nitakupigia! Njoo peke yako, na koti la mjomba wako ulivae, na chai safari hii utainywa!"

Alifunga kaye, akaiweka kwapani. Hakusema ndiyo. Alishuka ngazi za barza, akafika njiani, nami nikaona mgongo wake unaenda upande wa mtoni kama ulivyoenda ile siku. Kisha akasimama na kugeuka.

"Kesho saa kumi na mbili ninaanza," akasema. "Vitu vyote viwe nje. Na ndoo, Safia, itafute. Siku saba. Hata moja isizidi."